Wa Pili Ndani ya Mabano

Wiki iliyopita nilikwenda kupima damu hapa Bukoba, kwa sababu daktari alitaka kujua ni kitu gani kinachonikondesha. Sikuwa nimemwambia mtu. Muuguzi, binti mwenye kucha za rangi na maneno mengi, alilowesha pamba kwa spiriti akanisugua mkononi, na harufu ile iliponifika puani nikauvuta mkono. "Mama mzima unaogopa sindano?" akanitania. Nikacheka, nikamwambia ndiyo. Ningemwelezaje kwamba sindano sizijali hata kidogo, na kwamba kila ninaponusa spiriti hofu inayonirudia ni ya mabano ya hesabu?

Sisi tulizaliwa mapacha. Mimi nilitangulia, nikaitwa Nyangoma. Mwenzangu akanifuata, akaitwa Nyakato. Kwetu majina hayo hayachaguliwi, mapacha wa kike huja nayo. Baba alifariki tukiwa wadogo, Mama alikuwa akifanya kazi Mwanza, nasi tukalelewa na bibi yetu mzaa baba, kijijini, si mbali na Nshamba. Bibi alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Habari za waganga hakutaka hata kuzisikia, lakini jambo moja la wazee hakuliacha: mapacha hawapewi kimoja. Aliyetuletea gauni alete mawili. Aliyeleta andazi moja arudi nalo kwake. Jirani akimsifu mmoja wetu, Bibi alimkatiza, "Na mwenzake je, waitu, ndugu yangu?" na jirani alilazimika kusifu upya. Tulipomuuliza kwa nini, alijibu bila kuinua macho kwenye ndizi alizokuwa akimenya, "Ukimpa mmoja, mwingine anaumia." Hakusema anaumia namna gani. Mtoto ukimwachia pengo kama hilo hulijaza mwenyewe, na mimi nililijaza kwa jeneza dogo jeupe nililoliona siku moja kanisani.

Tulikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa hisabati, Mwalimu Byarugaba, alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya upole, na fimbo ya mti wa kahawa aliyoibeba kwapani hata alipokuwa anakunywa chai. Alikuwa ametupandisha na kutushusha na MAGAZIJUTO tangu darasa la nne: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Tuliiimba mstarini, tuliiimba tukichota maji. Mabano kwanza. Anayeanza na kingine, kiganja chake kinajuta. Kwa hiyo siku alipoandika ubaoni 3(x + 4), darasa zima tulifanya tulichofundishwa. Tuliingia kwenye mabano kwanza, tukajumlisha x na 4 tukapata 4x, tukazidisha kwa tatu tukapata 12x, kisha tukaweka kalamu chini kwa raha zetu.

Mwalimu alipita dawati kwa dawati. Alipomaliza alikaa juu ya meza yake.

"x ni nani?"

"Hatumjui, mwalimu."

"Humjui, lakini umeshamjumlisha na nne."

Akasema humu ndani hamjumlishiki, kwa hiyo hakuna njia isipokuwa aliyeko nje ndiye aingie. "Ukifika nyumbani kwa watu, ukamsalimia baba mlangoni, ukampita mama aliyeketi kwenye mkeka, watasemaje?"

"Hana adabu, mwalimu."

"Haya. Tatu aingie, amsalimie x, kisha amsalimie na nne. Asimpite mtu."

Nyakato, aliyekaa kando yangu, aliitikia kwa kichwa, ameelewa. Yeye alikuwa mwepesi wa mambo. Mimi nilibaki nimekwama kwenye MAGAZIJUTO. Kama kulikuwa na siku ambayo mabano kwanza haikuweza kusaidia, basi ardhi niliyosimama juu yake ilikuwa laini kuliko nilivyodhani.

Jioni ya siku hiyo Nyakato alikwenda kisimani, na mimi nilikuwa barabarani nikirudisha mbuzi. Gari likasimama. Ndani yake alikuwa shangazi yetu wa Bukoba, dada yake Baba, akiwahi msiba huko Muleba. Dereva hakuzima hata injini. Nikapiga magoti kumwamkia. Akanikabidhi dirishani mkebe wa hisabati, mpya, wa bati, wenye picha ya twiga kwenye kifuniko. "Nimepata mmoja tu dukani. Mtatumia wote, si mko darasa moja?" Gari likaondoka likiniachia vumbi.

Niliufungua palepale. Rula, bikari, kipimapembe, pembetatu mbili za plastiki, penseli ambayo haijachongwa, kifutio cheupe ambacho hakijagusa kitu. Nataka niseme ukweli, maana sasa sina wa kumdanganya: sikuwa na nia mbaya na ndugu yangu. Ila maishani mwangu sikuwahi kuwa na kitu ambacho hakikuwa na mwenzake. Gauni langu lilikuwa na gauni lingine kama hilo, kikombe changu kilikuwa na kikombe kingine, hata sura yangu ilikuwa inatembea peke yake upande wa pili wa ua. Nilitaka kuwa na mkebe kwa siku moja. Nikauficha stoo, ndani ya gunia la kahawa, nikajiambia kesho nitamwonyesha. Kesho ikaja, ikapita.

Asubuhi ya tatu Nyakato alikataa chai. Akasema kichwa kinamgonga. Alikuwa anatetemeka juani, na kufika saa nne alikuwa akiongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akimwita Mama, akisema mbuzi wameingia kwenye maharage. Bibi alimfunga kitenge, akatuma mtu kumwita kijana wa pikipiki wampeleke hospitalini Rubya. Kabla ya kupanda alinishika bega.

"Nyangoma. Kuna kitu kimeingia humu ndani nisichokijua?"

"Hapana, Bibi."

"Hakuna mtu aliyekupa kitu?"

"Hakuna."

Kisha wakaondoka, Nyakato katikati, kichwa chake kikilala mgongoni kwa yule kijana. Mimi niliachwa kwa jirani yetu, Ma Jovitha, mwanamke Mkatoliki mwenye rozari shingoni na mkono mwepesi wa kupakua chakula. Alinipa ndizi na maharage. Sikula. Nilikuwa nimemuua ndugu yangu, na nilipopewa nafasi ya kumwokoa kwa kusema neno moja, nilidanganya. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi wangu sikuweza hata kuuonyesha.

Kesho yake madaftari yakarudi. Zilikuwa zile hesabu tulizofanya baada ya somo lile, kabla Nyakato hajaugua. Nilikuwa nimeandika 3(x + 4) = 3x + 4, halafu 5(y + 2) = 5y + 2, na kadhalika mpaka chini ya ukurasa. Na chini ya ukurasa, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wa Mwalimu Byarugaba ulionyooka: *Wa pili umemwacha kwa nani?*

Alijuaje? Nikakumbuka kwamba huwa anapita barabara ileile na baiskeli jioni. Lazima aliliona gari. Lazima aliniona nikipokea kimoja. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama, akauliza kwa ile sauti yake ya upole, "Mwenzako anaendeleaje?" Leo najua alikuwa akimuulizia mtoto mgonjwa, basi. Siku ile nilisikia hakimu. Nikasema anaendelea vizuri, uongo wa pili.

Niliporudi nyumbani nilikwenda moja kwa moja stoo. Nilikata jani la mgomba nikalitandika chini, nikamwaga vyote vilivyokuwemo mkebeni, nikaanza kugawa. Rula kwangu, bikari kwake. Kipimapembe kwake, kwa sababu ni mgonjwa. Pembetatu moja moja. Penseli niliikata kwa kisu cha kumenyea ndizi, kifutio pia, nikapima kwa rula yenyewe ili asizidiwe. Bati lenye twiga halikukatika, nikalitupa kichakani nyuma ya migomba. Nilifunga fungu lake kwenye jani, nikaliweka upande wake wa kitanda, nikaketi kusubiri apone. Kabla jua halijazama Ma Jovitha alirudi kutoka Rubya. "Bado," alisema. "Analala tu. Bibi yenu anasema tuombe." Nilishindwa kuelewa. Nilikuwa nimegawa sawasawa.

Siku iliyofuata Mwalimu aliniita ubaoni. 6(x + 4). Safari hii nilijua kosa langu lilikuwa wapi na nilikusudia kulitubu mbele ya darasa zima. Nikaandika 3x + 12.

"Sita umeipeleka wapi?"

"Nimewagawia, mwalimu. Tatu kwa x, tatu kwa nne. Wamelingana."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Nani amekuambia ugawe?" Akanipiga fimbo mbili kiganjani, kisha akanirudishia chaki katika mkono uleule. "Weka moja mahali pa x. Ndani ya mabano una ngapi?"

"Tano."

"Sita mara tano?"

"Thelathini."

"Na hiyo yako?"

Tatu na kumi na mbili. Nilihesabu mara mbili. "Kumi na tano."

"Basi nusu nzima imepotea. Nenda ukaitafute."

Nilikaa chini na kiganja kikiwaka. Nusu imepotea. Mimi nilijua ni nusu ya nani. Halafu hofu nyingine ikaja juu ya ile ya kwanza: fimbo zile mbili nilikuwa nimepewa peke yangu. Hata adhabu ilikuwa imeingia kwa mmoja. Nyakato alikuwa Rubya, hajui, na kila kilichonipata mimi bila yeye kilikuwa kinamvuta.

Jumamosi Ma Jovitha alinichukua twende kumwona. Tulitembea, yeye na chungu cha ndizi kichwani, mimi na fungu langu la jani kifuani, na njia nzima nilikuwa nikitazama watu tunaopishana nao kama wamebeba habari. Kwenye geti la hospitali nilisimama. Ma Jovitha akanivuta mkono. Wodi ilinuka spiriti na sabuni, na nilipita vitanda vile nikiogopa kuangalia, mpaka niliposikia mtu akisema, "Umechelewa."

Alikuwa ameketi. Amekonda, midomo imemkauka, sindano ya dripu imefungwa mkono wa kushoto, lakini ameketi. Bibi alikuwa nje, kwenye jiko la wenye wagonjwa. Ma Jovitha akatoka kumtafuta, na mimi, kabla hajafika mlangoni, nilimwaga yote kwa pumzi moja: shangazi, gari, gunia la kahawa, uongo niliomwambia Bibi, wino mwekundu. Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

Nyakato alisikiliza mpaka mwisho. "Mkebe una picha gani?"

"Twiga. Nimeutupa." Nikamfungulia jani. "Hili fungu lako. Nimegawa sawa."

Aliokota kipande cha kifutio, akakigeuza, akaokota kipande cha penseli. "Umekata hata kifutio?"

"Ili tulingane."

"Sasa mkebe hakuna aliye nao," alisema. "Si wewe, si mimi. Ungeniambia tu. Ungekuwa wangu wote na wako wote."

"Kitu kimoja hakiwezi kuwa cha wote wawili chote."

Aliniangalia kwa ule uchovu wa mtu aliyezoea kunisubiri. "Kwani Bibi tumemkata?"

Sijui nieleze vipi kilichotokea kichwani mwangu. Niliiona sita ikiingia mlangoni, nzima, ikaenda kwa x ikiwa nzima, ikaenda kwa nne ikiwa bado nzima, na haikupungua popote. Sita mara x, na sita mara nne. Bibi wa Nyangoma na Bibi wa Nyakato, bibi yuleyule. Siku zote nilidhani kupewa wawili ni kupewa nusu, ndiyo maana nilitaka kimoja cha peke yangu.

Lakini Nyakato hakuwa anafikiria hesabu. Alikuwa amekiona kiganja changu.

"Amekuchapa?"

"Mbili."

Akanyoosha mkono wake wa kulia, ule usio na dripu. "Nipe."

"Unaumwa."

"Nipe, Nyangoma."

Nikampiga kiganjani, polepole. Akasema hiyo si fimbo, niongeze nguvu kidogo. Nikampiga ya pili. Kisha akaingiza mkono chini ya mto, akatoa plasta, bado iko kwenye karatasi yake. Aliniambia kwamba kila walipomtoa damu walimbandika moja, na siku ya kwanza alipopata fahamu na kuiona mkononi aliogopa sana, kwa sababu amechomwa sindano peke yake na mimi huko nyumbani nitaumia. Akamwomba nesi ya pili. Nesi akacheka, akampa. Tangu hapo alikuwa akiilalia, na kila asubuhi swali lake la kwanza kwa Bibi lilikuwa, "Nyangoma ameamka?" Alikuwa anasubiri aambiwe kwamba sikuamka.

Alinikunja mkono, akatafuta mahali sawasawa na pake, akabandika.

Bibi aliingia na sahani ya ndizi akatukuta hivyo. Alitazama plasta yake, akatazama yangu. "Hii ni nini?" Nyakato akamweleza, kwa utulivu, kwamba sasa hakuna atakayekufa. Bibi aliweka sahani kitandani taratibu. "Nani amewaambia mtakufa?" Tulimtazama yeye, akaelewa, akaketi, akajifunika uso kwa ncha ya kitenge. Tangu siku ile aliendelea kuuliza "Na mwenzake je?" mpaka alipozeeka na kuondoka duniani, lakini lile neno la mwingine kuumia sikulisikia tena kinywani mwake. Mkebe tuliutafuta kichakani Nyakato aliporudi. Ulikuwa umeanza kushika kutu, na twiga amebaki shingo.

Jumatatu nilikwenda ubaoni bila kuitwa, nikaandika 6x + 24. Mwalimu Byarugaba aliitazama, akaweka moja mahali pa x, akapata thelathini. "Umeipata wapi ile nusu?" akauliza. Nikamwambia Rubya. Alidhani ninamtania.

Nimeishi miaka mingi na hesabu ile, na kuna kitu kimoja ambacho Mwalimu hakukisema. Juma lile hofu ilikuwa moja tu, na sisi hatukugawana. Iliingia nzima kwangu, ikaingia nzima kwake, kila mmoja akailalia kivyake akidhani anamkinga mwenzake. Ilitoka pale tu tulipoambiana.

Yule muuguzi alimaliza kuchukua damu, akanibandika plasta. Akasema majibu ni Ijumaa, nije na mtu. Nikasema sina haja ya mtu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni niliporudi.

"Naomba plasta nyingine."

"Umejikata tena wapi, mama?"

"Sijajikata," nikamwambia. "Ni ya wa pili."

Akanipa bila kuuliza zaidi. Niliitia kwenye pochi, nikaenda stendi, nikapanda gari la Muleba, ambako Nyakato anaishi na alikuwa hajui lolote.